Mbu Mkubwa wa Bwana Afya

Wiki hii naweka kando mambo ya kuandika programu nizungumzie sinema. Mliozoea kuja hapa kwa ajili ya kompyuta msikimbie, tutafika huko huko.

Nianze na hadithi ya mbu. Bwana afya wa zama za ukoloni anafika kijijini na gari la sinema. Linatundikwa shuka jeupe, jenereta inanguruma, watu wanakaa chini. Filamu ni ya malaria. Kamera inamsogelea mbu mpaka anajaa shuka zima, miguu yake kama fito za nyumba. Sinema ikiisha bwana afya anauliza kama kuna mwenye neno. Mzee mmoja anasimama: "Bwana, tumewahurumia sana kwa taabu mliyo nayo huko kwenu. Sisi hapa tunashukuru, mbu wetu ni wadogo."

Ukisoma maandishi ya Waingereza walioshughulika na sinema za makoloni, utakutana na hadithi hii mara nyingi. Safari nyingine mdudu ni nzi, safari nyingine ni chawa, na kijiji chenyewe huhama kutoka koloni moja hadi jingine. Kila anayeisimulia anaitoa kama ushahidi wa jambo moja: kwamba Mwafrika hawezi kuisoma picha iliyopigwa kwa karibu. Kutokana na imani hiyo watu walitunga kanuni nzima za kupiga filamu, wakazitumia kwa miaka. Mimi natengeneza programu za simu hapa Kilifi na hadithi hii bado naisikia. Tofauti ni kwamba siku hizi mbu amekuwa kitufe.

Tukumbushane kwanza kamera inafanya nini. Simama kwenye ile rasi yenye nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, upige picha ya ufuo mzima. Mtu aliye kule chini anaonekana kama sisimizi. Mtazamaji anajua mtu huyo yuko wapi, lakini hajui ana nini moyoni. Sasa isogeze kamera hadi uso wake ujae. Jasho linaonekana, jicho linalocheza linaonekana, lakini ufuo umepotea, na mtazamaji hajui tena kama kuna mtu anayemnyemelea huyu kwa nyuma. Kila picha inatoa kitu na inanyima kitu, na hofu nyingi za sinema zinatoka kwenye kile tulichonyimwa. Ukiipiga kamera kutoka chini kwenda juu, mtu anakuwa jitu. Ukimpiga kutoka juu, anakuwa mnyonge hata kama ana bunduki.

Halafu kuna kukata, yaani kuruka kutoka picha moja hadi nyingine bila kuaga. Hapa ndipo ufundi mwingi ulipo. Karibu na mwaka 1920 Mrusi Lev Kuleshov alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso ambao haukuonyesha chochote, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha na ya jeneza, kisha na ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: tazama anavyoona njaa, tazama anavyoomboleza! Uso ulikuwa ule ule. Hisia waliitia watazamaji wenyewe, kwenye ufa uliopo baina ya picha mbili. Kwa mtu wa kompyuta jambo hili linapendeza sana, maana nusu ya programu inaendeshwa kwenye kichwa cha mtumiaji.

Je, ufa huo unavukwa na kila mtu, au lazima mtu asomeshwe kwanza? Hilo ndilo swali lililogombaniwa.

Wazungu nao wana mbu wao, ujue. Husimuliwa kwamba ndugu Lumière walipoonyesha filamu ya treni ikiingia stesheni, mwaka 1896, watazamaji waliruka vitini wakatimua mbio. Wanahistoria wamepekua magazeti na barua za siku zile wasipate ushahidi wa kuaminika wa mbio hizo. Ni ngano. Lakini hebu linganisha. Mfaransa wa ngano ile alipewa usiku mmoja tu wa ujinga. Kesho yake alirudi, akalipa kiingilio, akatazama kwa raha zake. Mwafrika wa hadithi ya mbu alihukumiwa kifungo cha maisha.

Na si kwamba hakuna aliyepima. Mwaka 1929 mwanabiolojia Julian Huxley, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, alizunguka Afrika Mashariki na filamu chache za mafunzo akiwaonyesha wanafunzi na kuchunguza walichoelewa. Akaona wanazifuata vizuri. Hilo halikutosha kuizima hadithi.

Mwaka 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, wasimamizi wakiwa Meja Notcutt, mtu wa mashamba ya mkonge aliyewahi kujaribu sinema kwa vibarua wake, na Latham, mtu wa elimu. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi 35: za kodi, za benki ya akiba ya posta, za safura, za kahawa, na hata ngano ya sungura na chui. Walizizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Ufundi wao wa sauti nimeupenda mno, niruhusuni nikae hapo kidogo. Filamu ilikuwa ya milimita 16 na sauti haikuwa ndani yake. Sauti ilikuwa kwenye sahani ya santuri iliyochezwa pembeni, sambamba na picha. Sababu ni lugha: ukitoka kwa Waswahili ukaingia kwa watu wengine, picha inabaki ile ile na unabadilisha santuri. Yaani picha faili moja, lugha faili nyingine, jambo ambalo sisi waandishi wa programu tunajivunia kana kwamba tulilizua juzi. Na matatizo yake yalikuwa yale yale tunayoyajua. Filamu ikikatika njiani ukaiunga kwa kutupa fremu chache, tangu hapo sauti na picha haziendi pamoja tena. Midomo inasema hivi, santuri inasema vile. Kwa mashine kama hiyo, kumpiga mtu picha ya karibu akiwa anaongea ni kujitafutia aibu. Ndiyo maana nadhani baadhi ya "tabia ya mtazamaji wa Kiafrika" ilikuwa tabia ya mashine.

Mwaka 1939 Uingereza ilianzisha idara ya filamu za makoloni, Colonial Film Unit, chini ya William Sellers, aliyekuwa akifanya kazi ya afya Nigeria na kuonyesha filamu huko. Mwaka 1941 aliandika makala ambayo kichwa chake kilitangaza wazi kuwa ni kuhusu filamu za watu wasiostaarabika. Kanuni zake ni rahisi kuzikumbuka. Usitumie vituko vya kamera. Usiizungushe kamera kutoka upande hadi upande, maana watadhani nyumba na miti inakimbia. Usirukie picha ya karibu ghafla, mbu atakuwa ng'ombe. Picha moja ikae muda mrefu. Mtu akitoka nyumbani kwenda shambani, mwonyeshe akitoka, akitembea, akifika. Ukimkata katikati watauliza ni mchawi gani aliyempeleka. Filamu yao Mr. English at Home ya mwaka 1940 inafuata siku nzima ya familia ya Kiingereza kwa mwendo huo, hatua kwa hatua. Ukiitazama leo unajisikia kama mtu anayesomewa barua na mtu anayemhesabia herufi.

Ubaya wa kanuni hizi ni kwamba haziwezi kukosolewa. Mtazamaji akichoka kwa sababu picha ni ndefu, inaandikwa kwamba hana umakini. Akicheka, hakuelewa. Akinyamaza, hakuelewa pia. Mtumiaji daima ndiye mwenye hitilafu, programu ni salama.

Kuna kisa kingine, nacho kilipata umaarufu baada ya Marshall McLuhan kukitia kwenye kitabu chake cha 1962. Kilisimuliwa na John Wilson wa London. Walitengeneza filamu ya dakika chache ya mtu wa usafi akiondoa maji yaliyotuama, polepole kabisa, kopo baada ya kopo, kama kanuni zinavyotaka. Watazamaji wakaulizwa wameona nini. Wakasema: kuku. Watengenezaji hawakujua kama filamu yao ina kuku! Wakarudi wakaikagua fremu kwa fremu, wakamkuta: kuku aliyeshtuka akapita pembeni mwa picha kwa kama sekunde moja.

Kisa hiki hutolewa kuonyesha kwamba macho ya wale watu hayakujua kuishika picha nzima. Mimi nakisoma kinyume. Umemwekea mtu picha isiyosogea, yenye mwanamume anayemwaga maji kwa kasi ya kobe. Kitu pekee kinachokwenda mbio ni kuku. Jicho la binadamu, awe wa Kaloleni au wa Copenhagen, hukimbilia kinachokwenda mbio. Kama waliomtazama huyo kuku ndio wasiojua kusoma picha, tuwaiteje waliopiga, wakakata na kuunganisha filamu yao wenyewe wasimwone?

Sasa tuje pwani, kwa sababu wakati kanuni hizi zinaandikwa, pwani yetu ilikuwa imeshazoea kulipia tikiti. Unguja ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, mfanyabiashara Hassanali Jariwalla akiwa mmoja wa walioijenga biashara hiyo. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, mabuibui yamejaa ukumbi. Mombasa nayo ikawa na majumba kama Regal, Naaz na Majestic. Kutoka Malindi ilikuwa safari hasa. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991 ulivuka kwa feri, na mtu aliyekwenda Mombasa akaona picha alirudi na deni la kuisimulia.

Na walikuwa wanaona nini? Chukua Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliyotia wazimu Unguja na pwani nzima. Katikati ya Awara kuna ndoto ya karibu dakika 9. Mawingu ya moshi, ngazi zinazopanda zisikojulikana, sanamu kubwa, moto, mpenzi anaitwa kutoka mbinguni na shujaa yumo jehanamu. Ni vituko vya kamera mwanzo hadi mwisho, kila kitu ambacho idara ya London iliamini kingetuvuruga akili. Tena maneno yake ni ya Kihindi. Waswahili walitoka ukumbini wakiimba nyimbo zake, wakibishana kama hakimu alikuwa na haki kumfukuza mkewe. Hayo ndiyo maudhui ya filamu. Hawakuuliza yale mawingu yanauzwa wapi.

Yaani katika miaka ile ile, serikali ileile ilikuwa na wataalamu waliosema watu hawa hawawezi kufuata mkato mmoja, na polisi waliopanga foleni za watu hao hao kwenye milango ya sinema.

Mimi nimelelewa na banda la video. Ilikuwa Malindi, mtaa wa Maweni, miaka ya 2000. Makuti juu, magunia dirishani kuzuia mwanga, televisheni moja, shilingi tano. Humo niliona Sholay, filamu ya Ramesh Sippy ya 1975, mara nyingi kuliko nilivyofungua daftari la jiografia. Kuna mahali pawili humo nataka mpakumbuke.

Pa kwanza: adui Gabbar Singh anaiangamiza familia ya Thakur. Kila anayepigwa risasi, picha inaganda kabla hajafika chini. Anabaki mtoto mdogo. Gabbar anamwelekezea bunduki, tunausikia mlio, na hapo hapo tunarukia treni. Mtoto hatukumwona akifa. Banda zima lilikuwa linanyamaza, hata wale wahuni wa nyuma. Hakuna aliyeuliza treni imetoka wapi.

Pa pili ni papya zaidi kwa hoja yangu. Kijana Ahmed, mwana wa imamu kipofu, ameletwa mbele ya Gabbar. Gabbar amejilaza, na juu ya mkono wake kuna mdudu mdogo anatembea. Kamera inamtazama mdudu kwa karibu. Gabbar anamchezea, kisha anampiga kofi. Picha inayofuata, farasi anarudi kijijini na maiti ya Ahmed. Basi. Mauaji yote yamesimuliwa na mdudu.

Watoto wa miaka minane, wengine wametoka Ganda na Msabaha na nyumbani kwao ni Kigiriama tupu, wasiojua neno la Kihindi isipokuwa matusi, walikuwa wanavuta pumzi pale kofi linapotua. Walijua. Mdudu mkubwa wa kujaa kioo, na hakuna aliyesema kwetu ni wadogo.

Ndiyo maana kwa muda mrefu nimekuwa na shaka kuhusu yule mzee wa bwana afya. Nina jirani, mzee wa Mambrui, aliyewahi kukaa chini mbele ya gari la sinema utotoni. Nilimsimulia hadithi ya mbu. Alicheka mpaka akashika ubavu, akaniambia, "Mwanangu, huyo mzee alikuwa anamtania." Akaeleza kwamba wao pia waliwasema kwa sauti watu wa kwenye shuka, hasa yule bwana wa kinga ya magonjwa mwenye kaptula pana, na gari likiondoka walimwigiza wiki nzima.

Hebu isome tena sentensi ya mzee kwa masikio ya pwani. Tumewahurumia sana kwa taabu mliyo nayo huko kwenu. Mtu mzima, mbele ya kijiji, ameletewa mgeni wa kumfundisha kuhusu mbu, yeye aliyeumwa na mbu tangu kuzaliwa. Hawezi kumtukana mgeni. Anamjibu kwa adabu iliyojaa kijembe. Kijiji kinacheka. Mgeni anaandika kwenye ripoti: hawakuelewa. Siwezi kuthibitisha, na pengine mzee huyo hakuwahi kuwapo. Lakini kati ya maelezo mawili, hili linahitaji tu mtu mwerevu mmoja. Lile linahitaji bara zima la wajinga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Peter Morton-Williams alifanya utafiti wa sinema vijijini Nigeria, na picha iliyotokea ni kwamba kilichoamua watu waelewe au wasielewe kilikuwa zaidi mada na uhusiano wake na maisha yao kuliko ufundi wa kamera. Mwaka 1955 idara ya Sellers ikafungwa. Mwaka huo huo Unguja, Majestic, iliyosimama pale ilipokuwa Royal, ilifunguliwa upya baada ya moto wa 1953.

Nilisema tutafika kwenye kitufe. Mwaka jana mteja mmoja alitutaka tuondoe nusu ya programu tuliyowatengenezea wauza samaki, kwa sababu "akina mama wa sokoni hawawezi kuelewa alama hizi." Akina mama ambao wanatuma pesa kwa M-Pesa tangu 2007, wanapokea oda kwa ujumbe wa sauti, na wanakata picha ya changu aonekane mkubwa kuliko alivyo (picha ya karibu hiyo, jamani!). Tulikwenda Old Ferry kuwauliza. Alama hakuna aliyezitaja. Lalamiko lao lilikuwa kwamba programu inawalazimisha kuandika gramu, na wao wanauza kwa kilo na kwa fungu. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama sisi huko kwetu hununua dagaa mmoja mmoja. Watu wote wakaangua kicheko. Mteja hakuwapo, la sivyo angeandika ripoti.

Jambo la mwisho, kuhusu ile santuri. Wazo la picha moja na sauti ya kubadilisha halikufa. Magari ya sinema yaliendelea kuwa na mtu mwenye kipaza sauti anayeeleza kwa lugha ya mahali, na leo DJ Afro anaifanya kazi hiyo kwa hiari na kwa pesa: anachukua filamu ya Kichina au ya Kihindi, anaitia Kiswahili na Sheng juu, anawapa waigizaji majina ya mtaani, anamkejeli adui kabla hajapigwa. Huwa namsikiliza kwenye matatu ya Malindi na Kilifi. Ajabu ni kwamba kwenye picha za karibu mara nyingi ananyamaza. Uso wa stelingi ukijaa kioo, anauacha ufanye kazi yake, halafu kamera ikirudi mbali anaendelea.

Mwenye Sholay nyumbani ajaribu hivi: azime sauti kabisa, amwite mtoto ambaye hajaiona, amwonyeshe kuanzia Gabbar alipojilaza na yule mdudu mkononi hadi farasi anapofika kijijini. Asimweleze kitu. Amuulize tu Ahmed yuko wapi.